Asili ya desturi za Krismasi: Tupime ushahidi kabla ya kuhukumu

Krismasi ya mwaka jana mama yangu aliniuliza swali nikashindwa kulijibu. Alikuwa ameagiza, kama aagizavyo kila Desemba, tawi la saipresi likatwe kwenye ua wa shamba. Alilisimamisha ndani ya mkebe wa mchanga kwenye kona ya sebule, akalipamba kwa pamba na vipuzi vya rangi. Mpwa wangu, kijana wa mwaka wa tatu chuoni, alipoingia na kuuona mti huo akatikisa kichwa.

“Nyanya, huu ni upagani,” akasema. “Tarehe 25 Desemba ilikuwa sikukuu ya mungu-jua wa Warumi. Mti nao ni wa waabudu miungu. Hata nabii Yeremia aliukataza. Soma sura ya kumi.”

Mama amevuka miaka themanini, na mti huo amekuwa akiupamba tangu alipokuwa msichana wa shule ya misheni. Alinigeukia. “Wewe ndiye profesa. Huyu mtoto anasema kweli? Kwani miaka hii yote nimekuwa nikimwadhimisha nani?”

Nilibabaika. Nikasema mambo hayo ni marefu, tule chapati kwanza zisipoe. Asubuhi iliyofuata nilikuta tawi lile limetupwa nyuma ya zizi.

Makala haya ni jibu nililomnyima mama siku hiyo. Nayaandika hapa kwa sababu najua si nyumbani kwetu tu. Kila Desemba jumbe za aina hiyo hutapakaa kwenye simu, na aghalabu hutolewa kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi wake.

Majina kwanza

Kwa kuwa huu ni ukumbi wa lugha, tuanze na majina. Kiswahili kina mawili: Krismasi na Noeli. Krismasi tumeitoa kwa Waingereza. Katika Kiingereza cha kale, mnamo karne ya 11, neno hilo lilikuwa maneno mawili yenye maana ya ‘Misa ya Kristo’. Noeli, ambayo hutumiwa sana na Wakatoliki na na wenzetu wazungumzao Kiswahili nchini Kongo, imetujia kupitia Kifaransa. Mzizi wake ni neno la Kilatini ‘natalis’, yaani -a kuzaliwa.

Neno hilo hilo la Kilatini ndilo lililowapa Wareno jina Natal. Vasco da Gama alipopita na merikebu zake kusini mashariki mwa Afrika wakati wa Krismasi ya mwaka 1497, aliipa nchi ile jina la sikukuu. Miezi michache baadaye, Aprili 1498, alikuwa Mombasa na kisha Malindi. Hivyo basi, Noeli na Natal ni ndugu wa tumbo moja.

Katika majina haya hamna jua wala mti. Hata hivyo, tusimwonee mpwa wangu. Huko kaskazini mwa Ulaya, Waswidi, Wadenmaki na Wanorwe huiita sikukuu hii ‘jul’, na neno hilo ni kongwe kuliko Ukristo katika nchi zao. Lilikuwa jina la karamu ya majira ya baridi, wakati wa usiku mrefu na theluji. Walipobatizwa, waliendelea na jina lao la zamani. Kwa hivyo madai ya upagani hayakuzuka hewani. Swali ni: yanafika wapi?

Tarehe 25 Desemba

Injili za Mathayo na Luka zinasimulia kuzaliwa kwa Yesu, lakini hazitaji siku wala mwezi. Wakristo wa mwanzo hawakujishughulisha sana na jambo hilo. Sikukuu yao kuu ilikuwa Pasaka. Origen, mwanazuoni mkubwa wa Aleksandria katika karne ya tatu, alisema wanaosimuliwa katika Maandiko kufanya karamu ya kuzaliwa ni watu waovu kama Farao na Herode. Kabla yake, mnamo mwaka 200 hivi, Clement wa mji huo huo aliorodhesha tarehe mbalimbali zilizokisiwa na watu, mojawapo ikiangukia mwezi Mei.

Tarehe 25 Desemba inajitokeza waziwazi Roma katika karne ya nne. Kuna mkusanyo wa kalenda na orodha uliotayarishwa mwaka 354. Orodha mojawapo, ambayo wataalamu huihusisha na mwaka 336, inaanza kwa kutaja kuzaliwa kwa Kristo Bethlehemu ya Yudea siku hiyo. Katika mkusanyo huo huo, kwenye kalenda ya shughuli za serikali, siku hiyo hiyo imeandikwa kuwa kuzaliwa kwa ‘Asiyeshindwa’. Wasomi wengi huelewa kuwa huyo ni Jua Lisiloshindwa, mungu ambaye Kaisari Aurelian alimjengea hekalu Roma mwaka 274.

Huo ndio msingi wa hoja ya mpwa wangu, nao si haba. Kulingana na hoja hiyo, Kanisa liliichukua sikukuu ya jua likaivika jina la Kristo. Tatizo ni kwamba, kwa upande wa Roma, hati hiyo moja ndiyo ya mwanzo kuonyesha wazi sikukuu zote mbili katika siku hiyo. Ukikuta wapangaji wawili ndani ya chumba kimoja, huwezi kujua ni nani aliyetangulia kuhamia kwa kuwatazama tu.

Nadharia ya pili ni ya hesabu. Mwanahistoria Mfaransa Louis Duchesne aliieleza mwaka 1889. Wakristo wa Magharibi, akiwemo Tertullian wa Carthage kaskazini mwa Afrika, waliamini Yesu alisulubiwa Machi 25. Palikuwa pia na imani kwamba alitungwa mimba tarehe ile ile aliyokuja kufia, maisha yake yakawa duara kamili. Hesabu miezi tisa kutoka Machi 25, utafika Desemba 25. Mashariki, ambako wengine walihesabu kifo hicho kuwa cha Aprili 6, miezi tisa inafika Januari 6. Na Kanisa la Armenia hadi leo huadhimisha kuzaliwa kwa Yesu Januari 6. Hesabu hii inaeleza tarehe zote mbili kwa mpigo, jambo ambalo sikukuu ya jua la Roma haiwezi kulifanya peke yake.

Wasomi hawajaafikiana, nami siwezi kuwaafikianisha hapa. Ikumbukwe pia kwamba jua halikosekani kabisa hata katika nadharia ya pili. Kwa desturi ya Warumi, Machi 25 ndiyo siku ambayo usiku na mchana hulingana, na Desemba 25 ndiyo siku fupi kuliko zote, baada yake mwanga huanza kuongezeka. Wahubiri wa zamani walilijua hilo na wakalitumia kama mfano. Lakini kutumia mfano wa jua si kuliabudu. Katika karne ya tano, Papa Leo Mkuu aliwakemea waumini waliokuwa wakisimama kwenye ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro na kuliinamia jua kabla ya kuingia ndani. Kiongozi anayetaka kuchanganya dini mbili hakemei namna hiyo.

Na yule wa kwanza kusema wazi kwamba Kanisa liliihamisha Krismasi kwa sababu ya sikukuu ya jua? Maelezo hayo yanapatikana pembezoni mwa mswada wa mwandishi wa Kisiria wa karne ya 12, miaka mia nane hivi baada ya tukio lenyewe. Naye alikuwa akitetea Januari 6 dhidi ya tarehe ya Magharibi. Shahidi wa aina hiyo tunamsikiliza, ila hatumwachi akae kwenye kiti cha hakimu.

Wengine hutaja Saturnalia, sherehe ya Warumi ya Desemba. Ni kweli kwamba katika siku hizo watu walipeana zawadi, mishumaa ikiwamo, na mabwana wakawaandalia watumwa wao meza. Huenda shamrashamra zetu zina chembe ya damu ya sherehe hiyo. Lakini ilianza Desemba 17 na kumalizika Desemba 23. Haikufika tarehe 25.

Mtu anaweza kuuliza kuhusu jirani zetu Waethiopia, ambao huadhimisha Januari 7. Hiyo si imani tofauti kuhusu siku ya kuzaliwa. Ni kalenda tu. Kanisa lao, kama lile la Wakopti wa Misri, halikufuata marekebisho ya kalenda yaliyofanywa na Papa Gregori XIII mwaka 1582. Leo tofauti imefika siku 13.

Mti wa mama

Sasa tuje kwenye lile tawi lililotupwa nyuma ya zizi.

Kumbukumbu za mwanzo za mti wa Krismasi tunazipata Alsace, eneo la wazungumzao Kijerumani ambalo leo limo Ufaransa. Katika mji wa Sélestat, daftari la mwaka 1521 linataja malipo ya walinzi wa miti msituni wakati wa Krismasi. Mwaka 1605, msafiri mmoja alieleza jinsi watu wa Strasbourg walivyosimamisha misonobari sebuleni na kuitundika maua ya karatasi za rangi, matofaa na vijikate vyembamba. Kwa maneno mengine, ushahidi wa mti huo ni wa rika moja na Fort Jesus ya Mombasa, ambayo ilianza kujengwa mwaka 1593. Wakati huo Wajerumani walikuwa Wakristo kwa karne nyingi.

Kwa nini matofaa? Desemba 24 ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa. Katika michezo ya kuigiza ya kidini, mti uliotundikwa matofaa uliwakilisha ule wa bustani ya Edeni. Wasomi wengi huona hapo ndipo penye chimbuko la mti wa Krismasi. Kutoka Ujerumani mti ulisafiri hadi jumba la kifalme la Uingereza. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapisha picha ya Malkia Victoria, mumewe Mjerumani Albert na watoto wao wakiwa wameuzunguka. Baada ya hapo kila familia yenye uwezo ikautaka. Wamisheni na walowezi wakaja nao kwetu.

Na Yeremia? Nabii huyo aliishi miaka 600 hivi kabla ya Kristo. Sura yake ya kumi inaeleza fundi anayekata mti, anauchonga kwa shoka, anaufunika kwa fedha na dhahabu na kuukaza kwa misumari usianguke. Ukiendelea kusoma, unaambiwa kitu hicho hakisemi wala hakitembei, hubebwa. Hiyo ni sanamu ya kuabudiwa. Nabii hangeweza kukataza pambo la sebuleni ambalo lingetokea miaka zaidi ya elfu mbili baadaye, katika nchi asiyoijua.

Kuna jambo jingine kuhusu mti wa mama. Saipresi tunayoipanda kwenye nyua zetu za maeneo ya milimani si ya Ulaya wala ya Afrika. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na ililetwa hapa enzi za ukoloni kwa ajili ya mbao. Kwa hivyo mama aliposimamisha tawi lake, alikuwa na desturi ya Wajerumani, iliyopitia kwa Waingereza, kwenye mti wa Mexico, ndani ya mkebe wa Kenya. Sioni ni mungu yupi wa kale angeitambua ibada hiyo kuwa yake.

Mzee wa ndevu nyeupe

Mzee wa Krismasi naye ana ukoo wake. Nikolasi alikuwa askofu wa Myra, katika nchi tunayoiita leo Uturuki, karne ya nne. Inasimuliwa kwamba alimtupia baba maskini dhahabu usiku, kwa siri, ili binti zake watatu wapate mahari. Sikukuu yake ni Desemba 6. Waholanzi walimwita Sinterklaas, na jina hilo likageuka Santa Claus huko New York. Shairi lililochapishwa Marekani mwaka 1823 lilimpa kigari cha kuvutwa na wanyama wanane wa nchi za baridi. Kuanzia mwaka 1863 mchoraji Thomas Nast akampa kitambi na uso wa bashasha. Mwaka 1931 Coca-Cola ikaanza kumtumia katika matangazo yaliyochorwa na Haddon Sundblom. Watu husema kampuni hiyo ndiyo iliyomvika nguo nyekundu. Si kweli, maana alikuwa amezivaa miaka mingi kabla yake. Ilichofanya ni kumtembeza duniani.

Hapa nakubaliana na mpwa wangu kwa sehemu. Mzee aliyevalia manyoya katika duka kuu la Nairobi, wakati jua la kaskazi linawaka nje, hana uhusiano mkubwa na askofu aliyetoa kwa siri. Lakini kilichomwingia mzee huyo si upagani. Ni biashara. Tukikosea kutaja ugonjwa, hatutapata dawa yake.

Na wale wanaodhani kwamba nyongeza zote zimetoka nje ya Kanisa, watazame hori la Krismasi. Francis wa Assisi aliliandaa kule Greccio, Italia, mwaka 1223, akiwa na ng'ombe na punda halisi. Wanyama hao hawamo katika Injili yoyote ya Krismasi. Wametoka kwa Isaya, sura ya kwanza, penye ng'ombe anayemjua bwana wake. Mamajusi nao Mathayo hakuwahesabu, bali sisi ndio tuliosema ni watatu kwa kuhesabu zawadi zao.

Vivyo hivyo, siku inayofuata Krismasi wanafunzi wangu wengi hudhani inahusu ndondi. Boxing Day haina ngumi. Inahusu kisanduku cha bakshishi ambacho watumishi na wachuuzi wa Uingereza walitiliwa kitu kidogo kwa kazi ya mwaka mzima. Siku hiyo ikawa ya mapumziko kisheria huko mwaka 1871. Sikukuu tumerithi. Je, kisanduku cha mfanyakazi wa nyumbani na bawabu tumekisahau wapi?

Haimo katika Biblia, na ni ya kipagani

Mpwa wangu anadhani hoja yake ni mpya. Ni kongwe, tena ni ya Wakristo wenyewe. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, lililotawaliwa na Wapuriti, lilipiga marufuku Krismasi. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts liliweka faini ya shilingi tano kwa yeyote atakayeiadhimisha. Huko Scotland, Krismasi haikuwa siku ya mapumziko ya umma hadi mwaka 1958. Watu hao hawakuwa wajinga. Walisema kile ambacho Biblia haikuagiza, hawatakiadhimisha.

Hiyo ni hoja ya heshima, na mwenye kuishika ana haki ya kutokula sikukuu. Ila tutofautishe kauli mbili ambazo jumbe za Desemba huzichanganya. “Haimo katika Biblia” ni kauli moja. “Ni ya kipagani” ni nyingine. Ya kwanza huthibitishwa kwa kufungua Biblia. Ya pili inahitaji ushahidi wake, wa kila desturi peke yake: tarehe, mti, zawadi, mzee. Kuthibitisha moja hakukupi nyingine bure.

Na hata tungethibitisha kwamba desturi fulani ilianzia kwa waabudu jua, bado lingebaki swali ambalo sisi watu wa lugha tunalijua vyema. Je, asili ya kitu ndiyo maana yake? Jumatano ni siku ya tano ukihesabu kuanzia Jumamosi. Alhamisi, kutoka Kiarabu, nayo ni siku ya tano ukihesabu kuanzia Jumapili. Wiki yetu ina siku za tano mbili zinazofuatana, na hakuna aliyewahi kukosa miadi kwa sababu hiyo. Desemba yenyewe, kwa Kilatini, ni mwezi wa kumi.

Nenda kanisani Jumapili ijayo usikilize kwa makini. Ibada, imani, sala, injili, nabii, msalaba, hata neno kanisa lenyewe, yote yametufikia kutoka Kiarabu. Mkristo anayeyatamka hatumwambii kwamba anasali kwa dini ya watu wengine. Tunajua maana ya neno imo kwa wale wanaolitumia sasa, na katika kile wanachokusudia wanapolitumia. Kwa nini tawi la saipresi tulinyime haki tunayolipa neno?

Wiki ijayo nitaenda ushago. Mpwa wangu atakuwapo, na nitamwambia kwamba alifanya vyema kuuliza. Kosa lake ni kuacha kuuliza mapema mno, kisha akamhukumu nyanya yake kwa ushahidi nusu.

Kwa mama sitakuwa na maneno mengi. Aliniuliza miaka yote amekuwa akimwadhimisha nani. Jibu hilo halimo katika hati ya mwaka 354, wala daftari la Sélestat, wala mimi sikuwa na haki ya kulinyamazia. Ni yeye aliyekuwa akisali usiku wa mkesha, akipika, akiwapelekea majirani sahani zilizofunikwa. Alijua anamwadhimisha nani. Nitamwomba radhi kwa kumwacha mwaka mzima akishuku moyo wake, kisha nitachukua panga nitoke nje. Ua wa saipresi bado uko.